ALIYEKIMBIA MAJI HANA BARUA: JE, NA MASHAHIDI PIA HANA?

  

Ndugu Waislamu, liko neno linalotembea katika baraza za misikiti yetu tangu mafuriko ya mwaka 2024. Husemwa kwa sauti ya chini, kama linavyosemwa jambo la busara: "Hawa si wa hapa." Husemwa juu ya mama aliyeteremka botini Nyamisati akiwa na watoto watatu na sufuria moja. Husemwa juu ya mzee wa Mohoro aliyekuja kujibanza kwa mkwewe Bungu. Tena wanaolisema si walevi wa vilabuni. Ni watu wa safu ya kwanza, na wakishalisema huendelea na mazungumzo yao wakiona shauri limekwisha. Makala hii imekusudia kulipinga neno hilo, na inasemeshwa watu wa misikiti kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kulifuta, kama tutakavyobainisha inshaallah.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea, maana sisi tunaokaa kandokando ya barabara kuu tumesahau upesi. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 hazikuacha kunyesha. Mto Rufiji ukajaa, na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, likafikia kiwango ambacho ilibidi maji yafunguliwe. Katikati ya Aprili 2024 Msemaji Mkuu wa Serikali alitangaza kwamba watu 58 walikuwa wamekwishafariki nchini kwa mafuriko tangu mwezi uanze na kwamba watu zaidi ya 126,000 wameathirika, na Mkoa wetu wa Pwani akautaja miongoni mwa palipoumia zaidi. Kabla maji hayajakauka, Mei 4, kimbunga Hidaya kikaingia nchi kavu upande wa Mafia na Kilwa, na Delta ikapigwa mara ya pili. Mpunga ukaoza shambani. Nyumba za miti na udongo zikayeyuka kama sukari. Watu wakapanda kuelekea juu, wengine kwa jamaa, wengine kwa watu wasiowajua kabisa.

Sasa hebu tuulizane: ni nani hasa wa hapa? Mwaka 1968 mto huu huu ulifurika, na baada yake Serikali ikaendesha operesheni ya kuwatoa watu wa bonde katika mashamba yao ya mlau na madungu yao, ikawapeleka katika vijiji vipya vya nchi ya juu. (Sitaingia katika uzuri na ubaya wa operesheni ile, wazee waliohamishwa wangali wapo, na kila mmoja ana hesabu yake nayo.) Watu wale walifika na mikeka, majembe na kuku mikononi. Watoto wao na wajukuu wao ndio leo wanaokaa katika kamati za misikiti yetu, ndio wenye viwanja, ndio wanaoitwa wenyeji. Ajabu iliyoje! Mjukuu wa aliyehamishwa na maji anasimama kizingitini, anamtazama aliyehamishwa na maji, anamwambia: wewe si wa hapa.

HANA KAMBI, HANA KADI

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humwita mkimbizi yule aliyevuka mpaka akaingia nchi isiyo yake. Mwenzetu wa Mbuchi au Msala hakuvuka mpaka wowote. Alivuka mikono ya mto tu. Matokeo yake ni jambo la kustaajabisha. Mkongomani aliyepokewa Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu kambi ile ilipofunguliwa mwaka 1996, pamoja na dhiki zake zote ambazo hakuna anayemtamania, aliandikwa jina lake, akapewa kadi ya posho, akaonyeshwa zahanati ya kambi. Mtanzania aliyekimbia ndani ya wilaya yake mwenyewe haandikwi popote. Mahema ya dharura yakishakunjwa na magari yakishaondoka, yeye hubaki kuwa mgeni wa mtu fulani, basi.

Lugha ya Qur'an haikuufunga uhitaji wa mtu kwa mipaka ya ramani. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane yenye haki katika zaka, yumo ibn as-sabil, yaani mwana wa njia. Waarabu walimwita mwana wa njia kwa kuwa njia ndiyo iliyobaki kuwa mzazi wake: wa nyuma yake hawezi kuwafikia, wa mbele yake hawamjui. Wanavyuoni wakamweleza kuwa ni mtu aliyekatikiwa na mali yake akiwa safarini, hata kama kwao ni tajiri. Ndugu msomaji, mtu ambaye shamba lake liko chini ya maji, nyumba yake imebaki nguzo, na vyeti vyake vimekwenda baharini na mkondo, amekatikiwa au hajakatikiwa?

Na tusidhani kwamba aliyevuka mpaka wa nchi hunusurika na neno "si wa hapa". Baada ya mji wa Palma, katika Cabo Delgado, kushambuliwa Machi 2021, watu waliovuka Ruvuma kuja upande wetu walirudishwa kwa maelfu kupitia Negomano, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likalalamika hadharani mwaka ule ule. Walikuwamo Wamwani na Wamakonde, walikuwamo wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Ni misikiti mingapi ya Pwani iliyolitaja jambo hilo katika hotuba?

BARUA

Tufike sasa kwenye kiini. Watu wetu wengi wanadhani aliyekimbia maji anakosa matibabu kwa sababu hana fedha. Hilo ni kweli nusu tu. Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa mama mjamzito, kwa mtoto chini ya miaka 5, na kwa mzee aliyepita miaka 60 asiye na uwezo. Dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Fukara asiye katika makundi hayo naye ana njia ya kusamehewa, ikiwa uongozi wa kijiji utathibitisha hali yake na afisa ustawi wa jamii akaridhia. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imewafikiria wasio na uwezo wagharamiwe, ila kwa sharti kwamba watambuliwe kwanza.

Watambuliwe! Hapo ndipo penye mlango, na mlango huo umefungwa kwa karatasi moja. Barua hutoka kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji humuuliza mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti husema: "Simjui huyu, si mtu wangu." Akirudi kwao, kitongoji chake kina mamba na mikoko, mwenyekiti wake mwenyewe amekimbia. Kadi ya kliniki ya mtoto imelowa, kitambulisho cha Taifa kimepotea, na simu iliyokuwa na namba za watu imezama. Mtu huyu hakukataliwa na daktari, wala hakukataliwa na sheria. Amekataliwa na ukosefu wa mtu mmoja wa kusema: "Namjua, alifika kwetu siku kadhaa zilizopita."

Nimeshuhudia kwa macho yangu, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, mama wa Delta akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, anahema kwa homa. Kwa umri ule mtoto hakupaswa kudaiwa hata senti. Lakini mama hakuwa na kadi ya kliniki. Akaambiwa akanunue daftari jipya, kisha akaulizwa anatoka kijiji gani. Akataja kijiji chake. Akaambiwa huko si eneo la kituo hiki. Hakupiga kelele. Watu wa Delta hawana mazoea ya kupiga kelele ofisini. Alikunja khanga yake, akampandisha mtoto mgongoni, akaondoka. Kwenye benchi la kungojea walikuwapo wanaume watatu tunaoswali nao. Wote walimwona. Mmoja wao mkewe anachota maji kisima kimoja na mama yule kila siku. Hakuna aliyeinuka akasema, "Dada, ngoja, tabibu, huyu anakaa kwetu." (Mtoto alitibiwa kesho yake, alhamdulillahi, baada ya mwalimu wa kike wa shule ya msingi, ambaye wala si Mwislamu, kumshika mkono mama na kurudi naye.)

Ndugu zangu katika imani, lile walilolinyamazia wanaume wale lina jina katika fiqhi. Jina lake ni kitmanu sh-shahada, kuficha ushahidi. Aya ya 283 ya Surat Al-Baqara imekuhesabu kuuficha ushahidi kuwa ni dhambi inayokaa moyoni mwa mtu. Sisi tumezoea kuisoma aya hiyo darasani katika mlango wa madeni na rehani, na ndipo ilipoteremkia. Lakini ni deni gani kubwa kuliko haki ya mtoto kupata dawa, haki ambayo imeshaandikwa, imebaki kuthibitishwa tu?

WANAYOJITETEA NAYO

Wapo watakaosema: "Ustadh, unatutaka tumshuhudie mtu tusiyemjua. Je, huo si ushahidi wa uongo?" Swali hili ni zuri, na ninalipenda kwa sababu anayeliuliza anamwogopa Allah. Jibu lake ni jepesi. Surat Al-Israa, aya ya 36, inakataza mtu kufuata asilo na elimu nalo. Basi shuhudia ulilo na elimu nalo, usizidishe. Hukuambiwa useme kwamba yeye ni mtu mwema, au kwamba alikuwa na eka tano za mpunga. Sema ulichokiona: alifika wiki fulani, alikuja na watu kadhaa, analala katika nyumba ya fulani, mtoto wake mnamwona kila siku. Mtendaji hahitaji zaidi ya hayo. Kama hata hayo huyajui, na mtu amekaa mtaani kwako miezi miwili, basi ujue kwamba hujampelekea hata salamu; na hilo nalo lina hesabu yake, maana haki ya jirani haikuwekewa sharti la kuzaliwa kijijini.

Wengine watanong'ona jambo zito zaidi, na hapa sitaki mzaha. Watasema: "Umesahau mwaka 2017?" Hapana, hakuna aliyesahau. Katika kipindi kile Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa majumbani mwao na njiani. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja hapa Kibiti. Wako waliohama vijiji usiku. Wako waliochukuliwa wasionekane tena, na wake zao wakabaki si wajane wala si wake za watu. Tangu hapo, mgeni akibisha hodi katika wilaya hii, mwenye nyumba kwanza humtazama mikono. Mwenyekiti aliyewazika wenzake akisita kutia saini jina asilolijua, mimi simlaumu hata kidogo, na mwenye kumcheka hajui Kibiti.

Lakini tuifuate hofu hiyo mpaka mwisho wake tuone inatufikisha wapi. Mgeni yupi ni wa kutisha: aliyeandikwa kwa mtendaji, anayejulikana alikotoka, ambaye watu wawili wa msikiti wamekwenda naye ofisini na mkewe anahudhuria kliniki, au yule anayelala ndani ya mtumbwi kwenye mikoko kwa kuwa kila mlango umefungwa? Kama tunaogopa watu wasiojulikana, dawa ni kuwajua. Kumkatalia mtu barua hakumwondoi wilayani. Kunamwondoa katika daftari tu, naye anabaki pale pale, sasa akiwa hajulikani kweli. Na mwenyekiti anayeogopa asiachiwe mzigo peke yake. Mashahidi wawili wenye majina, wanaokaa mtaani na wanaoweza kuitwa kuulizwa kesho, humpunguzia hofu yake. Ndiyo maana Sharia ikataka mashahidi wawili katika mambo ya watu.

Kuna wanaosema zaka ya Kibiti ni ya mafukara wa Kibiti. Hawa wamesoma kidogo, kwa hiyo tuzungumze nao kwa kitabu. Ni kweli kwamba madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wa pwani hii tumelelewa nayo, haipendi zaka ihamishwe kutoka mji ilikopatikana ilhali mji huo una wenye haki. Lakini swali la wanavyuoni lilikuwa juu ya mali kusafirishwa, si juu ya mtu kusafiri. Fukara aliyepo mjini wakati zaka inapowajibika ni katika mafukara wa mji ule, mgeni kwa mwenyeji. Hukumu iliyowekwa ili mafukara walio mbele yako wasipitwe na mali iliyo mbele yao, leo inageuzwa iwe uzio wa kuwazuia mafukara walio mbele yako. Tena ukikataa kumpa kwa fungu la mafukara, atakujia kwa fungu la mwana wa njia, utamkimbilia wapi?

Ama wale wanaosema mafuriko ni adhabu kwa watu wa Delta kwa sababu ya madhambi yao, sitawapotezea karatasi. Ghaibu hawaijui, na maji ya mto hayakuchagua nyumba.

Liko kundi jingine linaloniumiza zaidi kwa kuwa ni letu, watu wa islahi na daawa. Hawa humuuliza mwenye njaa anaswali msikiti gani, anasoma maulidi au hasomi, mikono anaiweka wapi. Subhanallah! Sahaba wa Mtume (s.a.w.) walipodhikika Makka walikimbilia Uhabeshi kwa Najashi, mfalme wa Kinaswara. Najashi aliwasikiliza kabla ya kuwahukumu, akawapa amani, akawarudisha wajumbe wa Makureshi na zawadi zao. Hakuwawekea Waislamu sharti la kuingia kanisani. Itakuwaje uadilifu wa Mnaswara aliyewapokea Waislamu uwe mpana kuliko wa Mwislamu anayempokea Mwislamu mwenziwe? Na si Waislamu pekee wanaokimbia maji. Aliye si Mwislamu akija na mtoto mgonjwa, mpe unachompa mwingine. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akamshika mkono, akaagiza apewe kutoka Baitul Mali. Na kwa kuwa tunapenda kujisifu, tujiulize pia ni wangapi kati yetu waliozaliwa, au ambao wake zao walijifungulia, katika hospitali ya misheni ya Mchukwi. Kuna aliyeulizwa rakaa mlangoni?

Na "Serikali ipo"? Ipo, na ina wajibu wake, na inapokosea iambiwe. Lakini zaka, ujirani na ushahidi hukukabidhi Serikali. Hivyo vimebaki shingoni mwako.

MSIKITI WA MADINA ULIKUWA NA HEMA

Tumezoea kudhani kazi ya msikiti katika msiba ni kupitisha kofia baada ya swala ya Ijumaa, kununua mchele na sukari, kisha kupiga picha mpokeaji akishika mfuko huku ameinamisha uso. Mchele ni mwema na njaa haingoji. Lakini kuhusu picha, mtu asome aya ya 264 ya Surat Al-Baqara kabla hajafungua kamera, aone sadaka ya masimbulizi na riyaa imefananishwa na nini. Halafu azingatie: mchele huisha siku ya nne, na mtoto wa homa bado yuko pale pale.

Sira inatufundisha namna nyingine. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliagiza apigiwe hema ndani ya Msikiti wa Madina apate kumjulia hali kwa ukaribu, na Rufayda, mwanamke wa kabila la Aslam, ndiye aliyejulikana kwa kuwatibu majeruhi hapo. Watu wa Suffa, wageni wasio na jamaa wala paa, walikaa ukumbini mwa msikiti ule ule. Na Abdurrahman bin Auf alipofika Madina mikono mitupu, akaunganishwa udugu na Saad bin Rabii, ambaye alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali hiyo, akaomba jambo moja: aonyeshwe soko liko wapi. Wahubiri wetu hukitumia kisa hiki kusifu uchumi na kujitegemea, na wako sahihi. Ila wanaipita sehemu ya Saad: kulikuwa na mtu wa kuuliza. Mwenyeji anajua soko liko wapi, mlango wa ofisi uko wapi, mtendaji hupatikana siku gani, muuguzi yupi ana subira. Kwa mgeni elimu hiyo ni mali, nasi tumeikalia kwa miaka bila kujua kwamba tunadaiwa zaka yake.

Kwa hiyo ninayopendekeza hayahitaji mfadhili kutoka Ghuba wala mradi wenye bango. Kila msikiti uteue watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamke ni lazima, wala jambo hili lisijadiliwe na wanaume peke yao: mjamzito wa Msala hatamweleza imamu kwamba amepitisha siku zake wala kwamba anatokwa damu. Watu hawa wawe na daftari. Anapofika mtu waandike jina, kijiji alichotoka, siku aliyofika, yuko kwa nani, watoto wangapi na umri wao, nani mjamzito, nani mzee. Waende naye kwa mwenyekiti, kisha kwa mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Waende naye kwa miguu yao wenyewe; kumwelekeza kwa kidole hakutoshi.

Wanaotumia dawa za kila siku wana shida ya peke yake. Aliyekuwa kwenye matibabu ya kifua kikuu, ambayo ni ya miezi sita, akikatiza mwezi wa tatu kwa sababu ya mafuriko, ugonjwa unaweza kumrudia ukiwa mkaidi zaidi, na unaweza kuwafikia waliomkaribisha nyumba moja. Anayetumia dawa za kufubaza virusi huona haya kuanza upya mahali pageni, kwa hiyo hunyamaza mpaka anaanguka. Watu hawa hawatajitangaza, wala tusiwatake wajitangaze. Aliyeteuliwa na msikiti akiambiwa siri kama hiyo, amekabidhiwa amana. Akiitoa barazani amekhini, na aondolewe kazi hiyo siku hiyo hiyo bila kuangaliwa ni mtoto wa nani. Kazi yake ni kumfikisha mtu kituoni na kungoja nje. Presha na kisukari navyo ni vivyo hivyo, ingawa havina aibu. Mzee aliyepoteza vidonge vyake majini hajui jina la dawa, anajua rangi tu, basi mpelekeni akapimwe upya.

Na kwa wale waliobaki Delta kwenyewe au waliorudi kulima, tatizo ni chombo. Kutoka vijiji vya ndani hadi Nyamisati ni boti, na boti hungoja maji. Yakipwa usiku, mwenye uchungu wa uzazi hulala kwenye matope akiona taa za ng'ambo. Nauli ya kukodi boti ya dharura humshinda mtu ambaye mpunga wake umeoza. Hapa ndipo zaka ya fedha taslimu ina kazi: kulipa nauli, kununua dawa pale zinapokosekana kituoni (na hukosekana, hilo tusifichane), kulisha anayemuuguza mgonjwa Utete au Mchukwi. Misikiti mitatu minne ikichanga pamoja inaweza kukubaliana mapema na mwenye boti mmoja mwaminifu, kwa bei inayojulikana, badala ya kuanza kupatana naye saa nane za usiku huku mama analia.

Imamu wa Ijumaa ijayo, tunakuomba siku hiyo usitangaze mchango. Tangaza majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, na uwaambie watu kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi wawili hao watakuwa barazani na daftari, kwa yeyote aliyekuja na maji na hajawa na barua. Halafu muulize mwenyekiti wa kitongoji, aliye hapo safuni, kama atakuwapo ofisini.